Mbwa Aliyeitikia "Toka"

Baba yangu mdogo alitoa uamuzi wake mchana wa Ijumaa, baada ya kula, akiwa bado amenyoosha miguu kwenye mkeka wa bibi. Alisema mdogo wangu wa kike aache shule.

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ametuletea mbegu ya mahindi na alitaka mbegu ile izae.

"Mwaka jana ngedere wamekula nusu ya shamba," alisema. "Wewe asubuhi uko mjini kuuza uji wako. Mama yangu hapa miguu haina nguvu. Huyu wa kiume yuko darasa la saba, ana mtihani. Anabaki nani? Huyu. Mahindi yakianza kubeba, akae alinde mpaka mavuno."

"Na baada ya mavuno?" nikauliza.

"Baada ya mavuno tutaona."

Hilo "tutaona" nilikuwa nalijua. Mimi niliambiwa hivyo hivyo nikiwa kidato cha pili, mama alipofariki, miaka miwili baada ya baba. Nilitoka shule kuja kukaa na bibi na wadogo zangu wawili, na sikurudi tena. Sikunung'unika. Ilikuwa lazima mtu mmoja abaki nyumbani, na mkubwa nilikuwa mimi. Lakini niliweka moyoni kwamba nitakuwa wa mwisho. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi, darasa la nne. Wakati ule alikuwa amekaa mlangoni na ungo mapajani, akisikia yote huku akijifanya anachagua mchele.

"Nitatafuta mbwa," nikasema.

Baba mdogo alicheka. Bibi hakucheka.

Shamba letu liko upande wa Kaole, nyumba mbele na mahindi nyuma mpaka kwenye kichaka. Majirani zetu wanafuga kuku, mbuzi na bata. Mbwa hakuna. Mate ya mbwa ni najisi; akikulamba unaosha mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo, na nani ana nafasi ya kuosha mara saba kila akipita uani? Katika ukoo wetu mzima sikumbuki mtu aliyewahi kufuga mbwa.

"Mke mwenzangu," bibi akaniambia, maana ndivyo alivyonitania tangu nikiwa mdogo, "unataka malaika waipite mbali nyumba hii?"

Kesho yake nilikwenda kumuuliza mwalimu wa madrasa. Alinijibu kwamba mbwa wa kulinda mazao au mifugo ana ruhusa. Wa kuchezea ndani hana. Akae nje, na usafi uzingatiwe. Nikamletea bibi jibu lile neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Akalitafuna muda mrefu pamoja na tambuu yake.

"Asivuke kizingiti," alisema mwishowe. "Asipewe jina la mtu. Na akinigusa, udongo wa kuniosha unauleta wewe."

Baba mdogo alipopata habari alituma neno kwamba yeye hana neno. Ila atakuja mahindi yakianza kubeba, na akikuta magunzi chini, mtoto anabaki nyumbani.

Dereva mmoja wa lori, mteja wangu wa uji, aliniambia kwamba karibu na Msata yupo mfugaji ambaye mbwa wake jike amezaa. Nikaenda Jumapili. Kwa kuwa sikutaka kufika mikono mitupu, nilibeba fungu zuri la samaki wakavu. Yule mfugaji alifunua kikapu, akanusa, akakifunika haraka.

"Dada, sisi hatuli vitu vya majini."

Ikabidi nirudi barabarani kununua kilo mbili za sukari. Aliipokea kwa mikono miwili, kisha akanipeleka zizini.

Watoto walikuwa watano, wameshaacha kunyonya, kila mmoja mkubwa kama paka. Aliwanyanyua mmoja mmoja kwa ngozi ya shingo. "Asiyelia ndiye mkali," alinieleza. "Chukua dume hili jeusi. Halijalia hata kidogo."

Mimi nilikuwa sijamgusa mbwa maishani mwangu. Nilisimama nimefunga mikono ndani ya kanga, nikiangalia. Mara mbuzi wakafunguliwa, mama mbwa akanyanyuka kuwafuata, na watoto wanne, lile dume jeusi likiwa mbele, wakamkimbilia nyuma. Mmoja alibaki. Alikuwa jike, rangi ya makumbi ya nazi, sikio moja limelala. Alikaa pale pale mtu alipomweka, akawatazama mbuzi wakienda, kisha akatutazama sisi.

"Namtaka huyo," nikasema.

"Huyo mvivu."

"Mvivu hatoroki."

"Halafu jike. Atakuletea madume ya kijiji kizima."

"Nitayafukuza."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kutimiza wajibu wake. Mimi nilikuwa na hakika. Ukali, nilijiambia, mbwa anaweza kuupata baadaye akipata sababu. Nilichokuwa nataka ni mbwa atakayekaa nitakapomwacha.

Nilirudi naye ndani ya tenga la kuku lililofunikwa kwa gunia. Tulipokaribia Bagamoyo akaanza kelele.

"Dada," akasema kondakta, "huyo kuku wako anabweka."

"Ni wa kisasa," nikajibu, na gari zima likacheka, isipokuwa mzee aliyekuwa kiti cha nyuma yangu. Yeye alikunja kanzu yake juu ya magoti mpaka tukafika.

Mdogo wangu wa kiume alimjengea kibanda cha makuti karibu na uzio. Mimi niliweka kopo la udongo uliochekechwa kando ya pipa la maji, na kopo lile halikukaa tupu siku hata moja. Jina hatukumpa. Bibi alikuwa amekataza majina ya watu, na majina mengine yote tuliyoyafikiria yalikuwa ya mbwa wa kwenye runinga.

Kumbe jina alikuwa analipata mwenyewe. Kila alipokisogelea kizingiti, bibi alipaza sauti kutoka barazani, "Toka!" Akimfuata mdogo wangu wa kiume anapotawadha, "Toka!" Akija kwenye mafiga ninapopika, mimi nami, "Toka!" Akisharudi nyuma, sikio limelala, huruma inatuingia, tunamrushia ukoko wa ugali. Ilikuwa hivyo mara ishirini kwa siku, miezi mitatu. Kwanza neno, kisha ukoko. Hatukuona tulichokuwa tunamfundisha.

Mahindi yakabeba. Ngedere hawakungoja. Si wanyama wa kujificha gizani. Huja jua likishapanda, watu wakishatawanyika, wakakaa mitini na kutazama nani amebaki. Wakiona bibi kizee mmoja barazani, wanashuka.

Alhamisi niliporudi kutoka mjini nilimkuta bibi amesimama, fimbo mkononi, sauti imemkauka. Mbwa alikuwa amekaa mbele yake, karibu kabisa na kizingiti, mkia ukifagia mchanga. Nyuma ya nyumba ngedere walikuwa wanavunja mahindi, wanang'ata mara mbili, wanatupa, wanavunja mengine.

"Nimewapigia kelele, toka, toka, tokeni," bibi akasema, "na huyu wako, badala ya kuwakimbilia wao, kanikimbilia mimi! Nikimfukuza ndiyo anazidi kusogea! Mke mwenzangu, umeniletea mbwa au mgeni wa chai?"

Ijumaa ikawa vile vile. Mistari miwili yote ya upande wa kichaka ililala chini, na baba mdogo alikuwa anakuja Jumatatu.

Jioni ile nilikaa jikoni na, kwa mara ya kwanza, nikafikiri kumrudisha Msata na kuomba lile dume jeusi. Mdogo wangu wa kike alikuja akachuchumaa kando yangu.

"Dada, mbwa hajakosea."

"Hajakosea vipi? Umeona mahindi?"

"Bibi anamwita, naye anakwenda."

"Bibi anawafukuza ngedere."

"Kwani yeye anajua? Tazama." Akageuka kuelekea uzio na kusema taratibu, bila ukali wowote, kama unavyomwita mtu aje kula: "Toka."

Mbwa akaja mbio, mkia juu, akakaa hatua mbili kutoka kwake akingojea ukoko.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa anasikiliza kutoka dirishani. "Basi abadilishwe jina," akasema.

"Kwa siku mbili?" nikamuuliza.

"Asibadilishwe," akasema mdogo wangu wa kike. "Tubadilishe mahali pa kumwitia."

Jumamosi asubuhi alizunguka kwa njia ya nje mpaka mwisho wa shamba, upande wa kichaka, ukoko mkononi. Mimi na bibi tulikaa barazani, na tukanyamaza kimya kama tulivyoagizwa. Ngedere walishuka kama kawaida yao, wakawa katikati, kati ya mtoto na nyumba. Ndipo tukasikia sauti yake huko mbali: "Toka!"

Mbwa akanyanyua sikio, akaondoka. Hakuzunguka, alikata moja kwa moja katikati ya mahindi, na katikati ya mahindi akakutana uso kwa uso na dume kubwa la ngedere lenye hindi mdomoni. Nadhani walishtuka wote wawili. Kisha akabweka. Tulikuwa hatujawahi kumsikia akibweka kikubwa, na sauti ilikuwa nene kuliko mwili wake. Majani yakavurugika, ngedere wakapanda mitini wakitukana kwa lugha yao, na mbwa akamfukuza wa mwisho mpaka kwenye shina. Halafu akakumbuka ukoko wake, akaenda kuudai.

"Subhanallah," akasema bibi.

Tulifanya hivyo mara tatu siku ile. Mara ya nne hakuna aliyemwita. Alisikia majani yanatikisika, akaondoka mwenyewe. Jumapili bibi alifundishwa kwamba, ngedere wakija, apige debe na asiseme neno. Alilalamika kwamba katika umri wake anafundishwa kunyamaza kwa ajili ya mbwa, lakini debe alilipiga vizuri.

Baba mdogo alikuja Jumatatu asubuhi, kwa makusudi, siku ya shule, na watoto walikuwa wameshaondoka. Mimi sikwenda mjini siku hiyo. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa na bibi barazani bila kuomba hata maji, kama mtu aliyekuja kukagua. Haikupita muda ngedere wakashuka. Bibi alinyoosha mkono kulifuata debe, lakini debe halikuhitajika. Mbwa alikwisha kutoka kivulini, akapotea ndani ya mahindi, tukasikia mbweko wake ukikimbia kutoka kona moja hadi nyingine, kisha kelele za ngedere juu ya miti.

Baba mdogo alinyanyuka, akaingia shambani. Alipita mstari kwa mstari, akifungua maganda kwa kidole gumba na kuyafunga tena. Mistari miwili iliyolala aliiona, akasimama hapo kidogo. Aliporudi, mbwa naye alikuwa amerudi, amefurahi, miguu imejaa tope, na alimwendea ampokee mgeni.

"Toka!" akasema baba mdogo, fimbo juu.

Mbwa akaongeza mwendo.

"Toka! Toka, nakwambia!"

Miguu miwili ya tope ikatua kwenye kanzu nyeupe, na ulimi ukapita mkononi mpaka kwenye kiwiko. Bibi alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza.

"Usimwite zaidi, mwanangu," alisema machozi yakimtoka. "Atakupanda kichwani!"

Nilileta kopo la udongo na ndoo. Nikammiminia maji, yeye akisugua mkono. Ya kwanza ilikuwa kwa udongo, kisha maji matupu, nikihesabu kwa sauti ili tusikosee.

"Mbwa huyu hana adabu," alisema kwenye ya tatu.

"Hana, baba. Lakini mahindi yapo."

Nikamimina ya nne, na ya tano. Alitazama uani, pale mbwa alipokuwa ameshalala, sikio moja limesimama kuelekea kichakani.

"Mtoto aende shule," akasema, na kunyoosha mkono kwa ajili ya ya sita.

Neno la mtoto kuacha shule hakulirudia tena, wala mimi sikumkumbusha. Mvua za mwaka uliofuata alileta mbegu na, ndani ya mfuko wa mbegu, mifupa aliyoifunga kwenye gazeti. Hakueleza ni ya nani. Wadogo zangu walisoma. Wa kiume alimaliza kidato cha nne akaenda kujifunza ufundi wa umeme Dar. Madume ya kijiji kizima yalikuja kweli, kama alivyosema yule mfugaji, na watoto wa mbwa wetu sasa wanalinda mashamba ya majirani ambao zamani walivuka njia wasipite karibu na uzio wetu. Yeye mwenyewe kizingiti hajakivuka mpaka leo. Lakini nimemwona bibi, akidhani sipo, akiweka ukoko nje ya mlango na kusema kwa sauti ya chini, ya mtu anayembembeleza mtoto, "Toka, mama, toka."

Mwaka huu mdogo wangu wa kike alichaguliwa kwenda kidato cha tano, shule ya bweni, mbali. Asubuhi ya kuondoka, bajaji ilikuja mpaka uani, tukapakia sanduku la bati, ndoo na godoro. Bibi alimsomea dua akiwa amemshika kichwa. Mimi nilikagua kamba ya godoro mara mbili, ingawa niliifunga mwenyewe.

Bajaji ilipoanza kwenda, mbwa alitoka kivulini, mdomo umeshakuwa mweupe kwa uzee, akaanza kuifuata. Dereva alipunguza mwendo.

"Rudi!" mdogo wangu akamwambia. "Nenda nyumbani! Haya, rudi!"

Hayo yalikuwa maneno ambayo mbwa wetu hajawahi kufundishwa. Akazidi kukimbia.

"Si umwambie atoke, dada!" akasema dereva.

"Nikimwambia hivyo atapanda!" Alikuwa anacheka na kujifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Nilikuwa nimesimama mbele ya nyumba. Nikaita mara moja, kwa sauti yangu yote:

"Toka!"

Mbwa akasimama katikati ya njia. Akaitazama bajaji, akanitazama mimi. Bajaji ikakata kona ya minazi ikaenda zake, na yeye akageuka, akarudi taratibu mpaka mlangoni, akakaa nje ya kizingiti.