Kiti Karibu na Kipaza Sauti

Kaka yangu alimpoteza mkewe saa kumi na nusu alasiri, mbele ya watazamaji arobaini na wawili, kwa kipaza sauti. Nimeanza na mwisho kwa sababu filamu zake nazo zilianza hivyo. Mwanamume mwenye jeraha anaketi gizani, anaanza kusimulia jinsi alivyofika pale, na wewe tangu dakika ya kwanza unajua kwamba huyu kwisha habari yake. Kilichobaki ni kutazama njia aliyopitia.

Mtaani walimwita Sauti. Alikaa kwenye kiti kando ya pazia la filamu, akapunguza sauti za waigizaji na kutia yake ya Kiswahili: nzito kwa wanaume, nyembamba kwa wanawake, ya kukohoa kwa mapolisi. Ukumbi wetu ulikuwa ghala la nafaka zamani, na ukikaa viti vya nyuma bado unapiga chafya. Madirisha yalikuwa ya mbao za vipande vipande, na jua la alasiri lilipenya likachora mistari usoni mwake, kama wale wa kwenye filamu. Mimi ni dada yake, nilikaa mlangoni kukata tiketi. Juu ya kichwa changu palikuwa na spika iliyotazama barabarani ili wapita njia wasikie utamu na kuingia.

Alhamisi ilikuwa siku ya filamu za giza. Si za kutisha, hapana. Ni zile za zamani zisizo na rangi, ambamo kila mtu ana koti la mvua lakini hakuna mwenye mwavuli. Kuna mpelelezi asiye na wateja. Kuna mwanamke anayeingia ofisini kwake akiomba msaada. Kuna ngazi nyingi, moshi wa sigara, feni ya dari inayozunguka bila kumpoza mtu, na kila mmoja anasema uongo. Mwishoni mpelelezi anagundua kwamba aliyekuwa akimtafuta ni yeye mwenyewe, au ni mtu ampendaye. Watu walizipenda mno. Kinyozi wa jirani alinunua kofia ya ukingo mpana, akawa anawanyoa wateja akiwa ameivaa. Na hata tulipoonyesha filamu mpya za rangi, kaka akiona kivuli cha mtu kimetangulia ukutani kabla ya mwenyewe, alisema kwenye kipaza sauti, "Hii mnayoiona ni mjukuu wa zile za Alhamisi. Tazameni pua, ni ile ile."

Sasa niseme jambo ambalo kwa miaka kumi na saba lilijulikana na watu watatu tu: yeye, mkewe na mimi. Kaka hakuijua lugha ya zile filamu. Hakujua hata ya kuombea maji. Alisoma alama. Mwanga ukimkata mtu uso nusu kwa nusu, huyo anasaliti. Mtu akifunga dirisha mchana, kuna jambo. Mwanamke akiwa mzuri kupita kiasi na akaja na shida, shida hiyo ni ya kwako. Kwa alama hizo alitunga maneno yote, na mengi yalikuwa matamu kuliko ya wenyewe, nadhani. Mkewe, akipashwa na majirani, alikuwa akimcheka nyumbani: "Mume wangu, leo umemfanya yule jambazi aombe uji?" Naye alijibu, "Alikuwa na sura ya njaa."

Wifi yangu alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi. Alikuwa na kovu la pasi kwenye kifundo cha mkono wa kulia, umbo la jani, na mtaa mzima ulilijua maana alipozungumza aliurusha mkono huo. Shati jeupe la kaka la Alhamisi alilipiga yeye mwenyewe, hakumwachia mtu. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa wawili tu, na walitoshana.

Kisha Alhamisi moja muuza duka la dawa, mtu aliyesoma, akapaza sauti katikati ya filamu: "Sauti! Huyo mama hakusema hivyo!" Ukumbi ukaangua kicheko. Kaka naye akacheka, akasema spika ina mafua. Lakini usiku ule hakula. Wiki iliyofuata muuza dawa akaja na wenzake, na kila baada ya dakika kumi mmoja wao anasahihisha. Mwenye ukumbi akaanza kukuna kidevu. Nilimwambia kaka, "Nenda ukajifunze, hata maneno mia." Akanijibu, "Nikionekana najifunza leo, si nimekiri kwamba jana sikujua?" Mficha uchi hazai, nikamwambia. Akaninunia siku mbili.

Ndipo wifi akaanza kuchelewa. Jumatatu, Jumanne na Jumamosi, siku zake za zamu fupi, alitoka kwa dobi saa tisa, akafika nyumbani saa kumi na mbili. Kitambaa chake cha kichwa kikawa kinanuka sigara, na nyumba ile haikuwa na mvutaji. Kaka akaniuliza mimi, nami, Mungu anisamehe, nikamjibu kwa mzaha. Nilikuwa nimemwona wifi akiingia kwenye nyumba yenye mlango wa kijani nyuma ya posta, akifunguliwa na mzee mmoja mwenye kofia. Nikamwambia, "Muulize mkeo habari za mzee wa kofia." Mawifi tuna sifa mbaya, na mimi sikuipunguza hata chembe. Nilidhani ni utani. Nilidhani jioni atamuuliza, atajibiwa, basi.

Hakumuuliza. Alimfuata.

Alijificha kwenye kibanda cha fundi viatu, ng'ambo ya mlango wa kijani, akajifanya anangoja soli. Kupitia mbao za dirisha akawaona wameketi mezani, vichwa vimekaribiana, moshi ukipanda. Mzee akanyoosha kidole kwenye karatasi, wifi akacheka. Kisha mzee akainuka akafunga dirisha. Baadaye tuliambiwa kwamba mzee yule macho yake hayavumilii jua. Lakini kaka alikuwa ameona madirisha ya namna hiyo yakifungwa mara elfu kwenye Alhamisi zake, na alijua kinachofuata.

Siku ile alipekua mkoba wa mkewe, akakuta karatasi kwenye bitana. Hati ya mwanamume, wino wa bluu, lugha ya filamu. Neno moja tu alilitambua, lile la mapenzi, kwa kuwa kila filamu inalo. Akaja kwangu na karatasi mkononi, jasho likimtoka.

"Kikulacho ki nguoni mwako, dada."

"Mpelekee muuza dawa akusomee."

"Mkalimani wa mtaa mzima aende kuomba asomewe barua ya mkewe? Umerogwa?"

"Basi muulize mwenyewe."

"Atasema uongo. Wote husema uongo."

"Wote nani, kaka?"

Akaniachia karatasi mezani, akatoka. Siku hizo alikuwa amekonda, na alipomtazama wifi akimimina chai alimtazama kwa jicho la upande, kama asiyemfahamu. Wifi akanong'ona kwangu, "Kaka yako ana nini? Ni yale ya muuza dawa bado?" Nikasema ndiyo. Akatabasamu. "Yataisha Alhamisi. Uniwekee kiti cha mbele, karibu naye kabisa." Nikaweka kiti. Sikujiuliza kwa nini mtu ambaye kwa miaka kumi na saba hakuwahi kuja Alhamisi kwa sababu ya kazi, sasa anataka kiti.

Alhamisi hiyo ukumbi ulijaa. Filamu ilikuwa ya mwanamke wa gauni jeupe aliyesimama juu ya ngazi, na mumewe chini, uso wake umekatwa na mistari ya dirisha. Mwanamke alifungua mdomo, na kaka akamsemea kwa ile sauti nyembamba:

"Nilikudanganya, mume wangu. Nilikuambia nakwenda kupiga pasi. Kumbe pasi yenyewe ina kofia, na inakaa nyuma ya posta."

Watu wakacheka. Nami nilicheka, kabla ya kuelewa nilichokisikia.

"Mkono huu," akaendelea, "mkono huu wenye kovu la jani, ndio anaoushika mzee wangu dirisha likifungwa."

Kicheko kikabadilika. Watu wakaanza kugeukiana, mmoja akapiga mluzi. Waya wa spika ya nje ulipita karibu na kiatu changu. Ningeuvuta kwa kidole gumba cha mguu. Sikuuvuta. Niliduwaa. Nilipoinua macho, wifi alikuwa amesimama mlangoni mbele yangu, gauni lake la sikukuu, daftari limekumbatiwa kifuani. Alikuwa ameisikia spika tangu kona ya kinyozi.

Hakupiga kelele. Alitazama pazia la filamu, ambapo mwanamke wa gauni jeupe alikuwa bado anasema, midomo inatetemeka, na sauti yake halisi ikisikika kwa chini chini nyuma ya sauti ya kaka. Wifi akasikiliza kidogo.

"Hasemi hivyo," akaniambia. "Anamwomba mumewe amwamini."

Akaliweka daftari juu ya meza yangu ya tiketi, akageuka.

Mzee wa kofia alikuwa mwalimu mstaafu. Wifi alimwendea siku tatu kwa wiki, na kwa malipo alimpigia pasi nguo zake zote. Alitaka akae kando ya mumewe kila Alhamisi, amnong'oneze wanachosema watu wa kwenye filamu, na muuza dawa akose la kusahihisha. Alitaka iwe kimya kimya, kaka asiaibike. Mwalimu alinisomea ile karatasi kwa Kiswahili: usiku, mvua, ngazi, kofia, bastola, shahidi, mwongo, mapenzi. Maneno yanayotumika sana kwenye filamu za giza, kwa mpangilio wa somo la tisa.

Nilipomweleza hayo, kaka alikwenda kwa dada mkubwa wa wifi, ambako wifi alikuwa amehamia. Nilimsindikiza. Alisimama mlangoni kwa lile shati jeupe, ambalo sasa lilikuwa limejikunja, akaanza, "Mke wangu, naomba useme chochote. Nitukane."

Wifi alikuwa anakunja mashuka. Hakuyaacha.

"Sema wewe," akasema. "Si wewe unayewasemea wanawake?"

Kaka akafungua mdomo. Mtu aliyewahi kuwasemea watu ishirini katika alasiri moja, wazima na maiti, hakupata neno. Tulisimama pale mpaka mashuka yakaisha. Dada mtu akatuambia kwa adabu kwamba anataka kufunga mlango. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi niliyesaidia kuyamwaga nililia njia nzima, yeye hakulia.

Talaka ilipita bila mabishano. Mwenye ukumbi alimbakiza kaka kwa kuwa hakuwa na mwingine, lakini Alhamisi iliyofuata hawakuja ila watu tisa. Mwanamume wa kwenye filamu akasema, kaka akamsemea vizuri tu, kwa sauti nzito. Kisha mwanamke akafungua mdomo. Kaka akakiweka kipaza sauti magotini, akaongeza sauti ya filamu. Ukumbi mzima ukamsikia yule mama akisema mwenyewe, kwa lugha yake, maneno mengi, na hakuna aliyeelewa hata moja. Daftari la wifi lilikuwa juu ya kile kiti nilichokuwa nimekiweka.

"Anasema nini?" mmoja akauliza. "Sauti! Anasema nini huyo?"

Kaka akainua kipaza sauti.

"Sijui," akasema.

Spika ikalitoa neno hilo mpaka barabarani. Ilikuwa saa ya watu wa dobi kutoka kazini, na nilisimama mlangoni nikawatazama wakipita, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Yeye hakuwamo. Siku hizi anapitia njia ya nyuma.