Maziwa ya Njia Panda ya Kanzenze

Wanaoniita mwongo hapa Gisenyi ni wengi, na kwa mambo mengine wana haki. Nimewadanganya wenye maduka, nimewadanganya hata mapadri walioniuliza kwa nini niliacha shule mapema. Lakini hili sikulitunga. Laiti ningekuwa nimelitunga.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji. Kazi yangu, nilipokuwa na kazi, ilikuwa kubeba mizigo ya Wazungu waliopanda volkano kwa kujifurahisha. Kileleni sikuwahi kufika. Mbebaji alibaki chini kulinda mahema na masufuria. Unajua inavyouma kusikia watu wakisimulia mahali ambapo chakula chao umekibeba wewe, na hujapaona? Basi nikaamua kupanda kwa ajili yangu mwenyewe, bila mzigo wa mtu kichwani.

Rafiki yangu Saidi, fundi cherehani, akasema anakuja. Yalikuwa yamebaki majuma mawili aoe. Mama yake, ambaye wazee wake walikuja na biashara kutoka Ujiji, alinishika mkono mlangoni.

"Wewe miguu yako haina kwao," aliniambia. "Huyu ana kwao. Usimwache njiani, umesikia?"

Nikaapa.

Tulibishana tangu tulipouacha mji. Mimi nilitaka Ruhengeri, mji mdogo wenye soko na mahali pa kulala, kisha tupande Karisimbi. Saidi alitaka Kibumba, upande wa Kongo, chini kabisa ya Nyiragongo, ili aone moto wa volkano.

"Ruhengeri tutaona nini?" alisema. "Mawingu? Mawingu iko hata huku."

"Na Kibumba utalala wapi? Juu ya mawe?"

"We mutu wa safari gani, unauliza kitanda? Rudi ukalale kwa mama yangu, mi niende!"

Alicheka. Mimi sikucheka. Mtu asiye na nyumba hapendi kuambiwa hivyo, hata kwa utani.

Tulifika Kanzenze kama saa nane mchana, ukungu umeshuka na manyunyu yanatupiga. Hapo barabara kubwa inaendelea Ruhengeri, na kijia kinapanda kwenda Busasamana mpaka Kibumba. Bado tulikuwa tunagombana. Kwenye njia panda alikuwa amekaa mwanamke wa makamo, kibuyu mapajani. Mashati yetu yalikuwa yameganda mwilini kwa maji. Kitenge alichojifunga kilikuwa kikavu. Nilijiambia ndiyo kwanza amefika.

"Ni nani kati yenu anaenda Kibumba?" aliuliza.

Niamini, tulipomkaribia tulikuwa tumenyamaza. Kibumba hatukuitaja mbele yake.

"Ni mimi, mama," Saidi akajibu, akinitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Mwanamke akamnyooshea kibuyu cha maziwa.

Sasa nisikilize vizuri. Mama yangu alikuwa mtu wa Kanama, na kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, hata akiwa dada yako wa tumbo moja. Asipoonja, hupokei. Lakini nyumbani kwa Saidi, kutia mdomo kwenye kikombe cha mgeni ni aibu. Kwa hiyo yule mwanamke alipompa bila kuonja, mimi niliona hatari, yeye aliona adabu.

"Unaona watu wa Kibumba?" aliniambia. "Iko na heshima kuliko wewe."

Alipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa na muda wa kusema. Neno moja tu lingetosha. Nikafunga mdomo, kwa sababu bado niliumwa na utani wake, na nilitaka njia ile anayoisifu impe hata kuhara. Nilidhani ni kuhara tu. Mwanamke akanigeukia na kutabasamu, kama unavyomtabasamia mtu aliyekusaidia kazi.

"Iko moto!" Saidi akashangaa, na akamaliza yote. Maziwa ya moto, kwenye manyunyu yale, na hakuna ng'ombe wala jiko karibu.

Mwanamke akainuka, akashika kijia. Saidi akamfuata, akiongea naye. Nilimwita mara mbili. Hakugeuka.

Mkulima mmoja aliyekuwa akipalilia maharage kando ya njia aliegemea jembe lake.

"Yee, mwenzako amelewa?" aliniuliza. "Anaongea na nani?"

Niambie, wewe ungefanya nini? Ungekimbia umrudishe, sivyo? Mimi nilikwenda Ruhengeri. Nilijiambia ni mtu mzima, amechagua. Nilipanda Karisimbi, nikafika juu, nikapiga kelele za furaha. Kelele zile ndizo siwezi kujisamehe.

Niliporudi Gisenyi, Saidi alikuwa nyumbani siku mbili tayari. Wauza makaa walimkuta amekaa peke yake kwenye barabara ya Kibumba. Hakuwa na jeraha. Nilimkuta kibarazani, amebandika kiganja chini ya pasi ya makaa, nyama inanuka, na uso wake umetulia.

"Baridi, mama," alikuwa akisema. "Baridi tu."

Ndugu za mchumba walikuja, wakamtazama, wakaondoka na binti yao.

"Mlikula nini huko?" mama yake aliniuliza. "Mlikunywa nini?"

"Hakuna, mama. Alipotea kwenye ukungu. Nilimtafuta siku tatu."

Aliniamini. Mpaka anakufa aliniombea dua kwa ajili ya siku zile tatu.

Ukisafiri na mtu, gombana naye unavyotaka. Lakini ukiona anapewa kinywaji ambacho mtoaji hakukionja, kipige kimwagike, hata akutukane. Usiogope matusi yake. Mimi namtembelea Saidi kila ninapopita mjini, namwambia mambo ya kipumbavu makusudi, namwambia hata kwamba Ruhengeri ni bora. Hanibishii. Anasogea tu karibu na jiko, na mimi namshika mikono.