Farasi Anayesimama Langoni

Jua ndiyo kwanza linachomoza kijijini Dhanpura, na Ghisulal anamvuta farasi wake jike, Mishri, kuelekea Lango Kubwa. Anatembea akiangalia chini.

Mbele ya lango, Mishri anasimama. Ghisulal anavuta. Anambembeleza, anamsukuma kwa bega, anamnong'oneza matusi. Farasi amegeuza shingo kuelekea mlangoni na masikio yamesimama.

"Twende, mama, twende," anamwambia. "Leo hakuna kitu hapa. Utaniua wewe."

Juu ya ukuta, kijana wa nyumba yenye lango hilo, Ranvir, anapiga mswaki huku akitazama. Anatema mate.

"Ghisulal! Farasi wako ana adabu kukuzidi. Yeye anajua pa kusimama."

"Ndiyo, bwana," anajibu Ghisulal, na anacheka kicheko cha mtu anayetaka tu kuondoka salama.

Kesho mchana Mishri atapita hapa akiwa na bwana harusi mgongoni, na bwana harusi huyo ametoka tabaka ambalo halijawahi kupanda farasi katika kijiji hiki. Ndiyo maana Ghisulal, anayekodisha farasi wa harusi tangu ujana wake, amekuja kumfundisha mnyama wake kupita bila kusimama. Amekuwa akimfundisha hivyo kila asubuhi tangu wiki iliyopita, na farasi hafundishiki.

Lawama si ya Mishri. Kila msafara wa harusi ukifika Dhanpura husimama kwenye Lango Kubwa, nyumba ya wenye mashamba. Bwana harusi huinamisha kilemba, wanawake wa nyumba hutoka na dengu na sukari guru, humlisha farasi, kisha safari huendelea. Mishri ameizoea heshima hiyo tangu akiwa mdogo. Asipolishwa haondoki.

Hayo ni ya watu wa juu. Wale wanaoishi ng'ambo ya bwawa, ambao babu zao walichuna ng'ombe waliokufa, bwana harusi wao hutembea kwa miguu, na akifika langoni huvua viatu na kuvishika mkononi. Sheria ya nchi imekataza upuuzi huo zamani sana. Ila sheria inakaa mjini, na Lango Kubwa liko hapa.

Aliyekuja kumkodi Mishri ni bibi harusi mwenyewe, jambo ambalo peke yake lilitosha kuwapa watu maneno. Sharda, binti wa ng'ambo ya bwawa, ni muuguzi katika hospitali ya wilaya. Baba yake, mwashi, alimsomesha kwa kujenga nyumba za watu Jaipur.

"Mjomba, namtaka Mishri," alisema, mbele ya watu sokoni.

"Kwa harusi ya nani?"

"Yangu. Au na mimi niolewe na mtu aliyeshika viatu mkononi?"

Ghisulal anaikumbuka siku hiyo. "Nilisema ndiyo kabla hofu haijanifikia," anasema. "Ilinifikia njiani, nikirudi nyumbani. Nusura nigeuke."

Hakugeuka, na hadai kwamba ni kwa ushujaa. Zamani msimu mmoja wa harusi ulimlisha mwaka mzima. Siku hizi analipwa rupia elfu tano kwa msafara, na misafara yenyewe ni ya kutafuta kwa tochi. Vijana wa Lango Kubwa wanaoa kwa magari yaliyo wazi juu, yenye maua na spika. Ranvir mwenyewe alioa hivyo.

"Wao farasi wamemchoka," anasema Ghisulal. "Lakini wakisikia mwingine anampanda, roho inawauma."

Habari ilienea siku hiyohiyo. Muuza majani alisema majani yameisha, akiwa ameyakalia. Mwenye mashine ya kusaga alimwambia Kamla, mke wa Ghisulal, kwamba mashine imeharibika, na ilikuwa inanguruma nyuma yake. Halafu mtu akaacha jiwe mlangoni kwao. Jiwe tu, la ukubwa wa ngumi, limewekwa vizuri katikati ya kizingiti.

Jiwe hilo Kamla alilielewa. Mwaka jana, kijiji cha jirani, bwana harusi wa tabaka hilohilo alivutwa akaanguka, na farasi alipigwa jiwe la jicho. Mwenye farasi amehama.

"Nilimwambia twende kwa dada yangu mpaka harusi ipite," anasema Kamla. "Huyu mtu hasikii. Watatuchomea banda tukiwa ndani."

Polisi wameahidi kuleta askari, na wameshauri msafara upite njia ya nyuma, kando ya bwawa. Sharda aliwajibu kwamba njia ya nyuma wameipita tangu enzi za babu yake, hawahitaji kuonyeshwa.

Kwa hiyo imebaki njia ya mbele, na farasi asiyekubali kuipita.

Ghisulal anarudi nyumbani na kukaa chini bila kuvua viatu. "Hawezi," anamwambia mkewe. "Kesho atasimama palepale, na kijana wa watu mgongoni. Watampata ametulia kama nyama buchani."

Kamla anasugua sufuria. Kisha anainuka.

"Kwani anataka nini pale? Anataka sukari guru. Hajui ukubwa wa nyumba ya mtu, huyo."

"Na nani atampa?"

"Amezoea mkono wa mwanamke. Wewe una ndevu."

"Wewe? Si ulitaka kukimbilia kwa dada yako?"

"Nataka mpaka sasa. Mshike farasi, tukajaribu kabla sijabadili mawazo."

Wanarudi langoni. Mishri anasimama. Kamla amejifunika uso kwa sari. Anafungua pindo, anamega sukari guru na kunyoosha kiganja. Farasi anakula, analamba vidole, na anaondoka bila kuvutwa.

Ranvir bado yuko ukutani. Safari hii hafanyi mzaha. "Shangazi," anasema kwa upole unaotia baridi mgongoni, "kesho pia utakuja?"

Kamla anatembea mpaka ng'ambo ya bwawa, nyumbani kwa akina Sharda, na kuketi mlangoni. Mama Sharda anamletea maji, kisha anasita na kikombe mkononi, kwa sababu watu wa tabaka la Kamla, lililo juu ya lao, hawajawahi kunywa maji ya nyumba hii. Kamla anakipokea na kukimaliza.

Ghisulal anaomba jambo moja tu, msafara ufike na farasi arudi na macho yake mawili. Kamla naye, alipoulizwa na mwandishi wa habari hizi kama haogopi, alimtazama kama mtu aliyeuliza ujinga.

"Naogopa, tena sana. Lakini Mishri akishakula anaondoka. Wakinishika mimi, kijana atakuwa ameshapita, na yuko juu ya farasi."

Kisha akamwomba mama Sharda kipande cha pili cha sukari guru. Alikifunga kwenye pindo la sari pamoja na kile kilichobaki, asije kesho akaangusha kimoja kwa kutetemeka.