Ukuta Uliokuwa Unashika Boriti

Nyundo ile niliinunua sokoni Muyinga. Wakati huo nilikuwa nabeba mizigo Kobero, mpakani mwa Burundi na Tanzania, na huko niliona mengi, lakini hayo ni marefu, niyaache. Ilikuwa nyundo nzito ya kupasulia mawe. Nikaileta mpaka Bugendana, kwenye nyumba ya baba.

Mdogo wangu alibaki pale miaka yote mi nakulia ukimbizini Tanzania. Niliporudi alinipa nusu ya nyumba bila maneno. Lakini katikati ya sebule nikakuta ukuta wa matofali mabichi. Nikajisemea, huyu kanitenga kama mwenye ukoma. Nyumba ile nimetambaa ndani yake, na ukuta haukuwepo.

"Usiuguse, mkubwa," akaniambia. "Ndio unashika boriti. Mchwa wameila."

"Boriti ya baba hailiwi. Mi nimejenga nyumba Kigoma, we umejenga banda la mbuzi."

"Basi rudi kwenu Kigoma, we Mtanzania."

Nilifika darasa la pili tu, lakini neno hilo halihitaji shule. Nikaanza kuupiga ukuta, tena nikaupiga chini, kama mtu anayeua nyoka. Akanivuta shati. Nikageuka na mpini, ukamkuta mdomoni, jino likatoka. Akatema damu, akanirukia, tukabingirika kwenye vumbi tunakabana koo. Wake zetu walisimama mlangoni wanapiga mayowe. Nikajinasua, nikampiga teke la tumbo, nikarudi kwenye ukuta. Mapigo mawili, ukalala.

Boriti ikalia, halafu mategura, vile vigae vizito vya udongo, vikaanza kumwagika. Mi nilikimbia nje. Niseme ukweli: sikumtazama. Yeye alikuwa bado chini.

Tulimfukua, mkono wa kulia umesagika. Wanaume wa kilima chetu wakambeba kwa machela mpaka barabarani, akapelekwa hospitali Gitega, madaktari wakaukata juu ya kiwiko. Mkono wa jembe. Hana kazi nyingine huyo, anakula anacholima.

Nilirudi kuitazama ile boriti. Ndani ilikuwa unga mtupu. Mi niliijua nyumba ya zamani, yeye aliijua ya leo, na sikumsikiliza.

Mvua zilipoanza nikalima shamba lake la maharage kabla ya langu. Alikuja akasimama kwenye tuta, mkono mmoja wa shati umefungwa fundo. Nikangoja anitukane.

"Unaparua tu," akasema. "Lima chini."

Nikalima chini.