Mbele ya Msikiti

Mwanahawa wa Mkuyuni alihangaika miezi kadhaa kujifunza Kiingereza cha kuelekeza njia, maana chumba chake cha uani alitaka kukipangisha kwa watalii wapandao milimani. Mgeni wa kwanza alipopiga simu kuuliza nyumba ilipo, alimjibu bila kusita, "In front of mosque."

Kuku wa nazi akapoa. Mvua ikashuka kutoka mlimani, mgeni haonekani. Mwanahawa alipompigia, dada wa watu alikuwa bado kasimama mlangoni pa msikiti, kalowa chapachapa, na keshaita bodaboda imrudishe mjini.

"Kwani ulimwambiaje?" mumewe, Halidi, akauliza.

"Mbele ya msikiti! Si ndiko tuliko? Ukishaupita, mbele kidogo tu."

"Kwa Kiingereza mbele hiyo ni pale pale mlangoni. Ya kupita ina neno lake."

"Lipi?"

Halidi akakuna kichwa. Hakulijua.

"Basi usinifundishe!" Mwanahawa akafoka. Akachukua mwavuli, akateremka mbio hadi msikitini. Hapakuwa na mtu. Akarudi nyumbani, akapakua kuku kwa kishindo, wakala wenyewe.