Paka Niliyempeleka Munigi

Baba aliponipa lile gunia, nilipaswa kumwambia hapana. Sikusema. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilijivunia kuaminiwa kazi ya wakubwa.

Juzi mjukuu wangu, anayesomea utabibu wa wanyama, alinieleza kwamba paka akiwa na mtu anayemwamini, homoni za woga hupungua mwilini mwake; akishikwa kwa nguvu hupanda, na moyo humwenda mbio. Alidhani ananifundisha jambo jipya. Nilikuwa nimelijua kwa mgongo wangu, njia nzima ya kwenda kijiji cha Munigi.

Goma ya miaka ile ya hamsini, rafiki yangu, ilikuwa ndogo. Asubuhi jiko la nyanya yangu lilinukia moshi na maharagi, sisi watoto tukifagia vumbi jeusi la mlima uani. Paka wake wa kijivu alimkimbia kila mtu isipokuwa nyanya na mimi. Mapajani mwa nyanya alilegea kama nguo mbichi, akakoroma, macho yamefumba, huku nyanya akimnong'oneza Kinyarwanda.

Maneno yalianzia hapo. Mtoto wa jirani alipougua, mama yake alikuja kusimama uani kwetu.

"Paka ni ya kukamata panya," alisema. "Hii yako, mama, inalala kwako kama mutoto. Munaongeaka nini?"

"Tunakuongelea wewe," nyanya akajibu. "Inasema unatiaka chumvi mingi."

Jirani hakucheka. Jumapili, benchi la nyanya kanisani lilibaki tupu pande zote mbili. Baba aliogopa mama yake asije akaitwa mulozi, yaani mchawi. Hata mimi nilianza kumtazama nyanya kwa jicho la pembeni. Kwa nini mnyama atulie hivyo?

"Wewe anakuamini," baba akaniambia. "Umupeleke mbali. Nyanya asijue."

"Ndiyo, papa."

Nilimwita kwa maziwa, akaja mwenyewe. Ndani ya gunia moyo wake ulinipiga mgongoni bila kupumzika. Munigi, juu ya mawe ya volkano, nilimfungua. Hakukimbia. Alijisugua miguuni pangu akitetemeka, nami nikamtupia mawe mpaka akaenda.

Alirudi siku ya tisa. Mtoto wa jirani alikuwa ameshapona, anacheza barabarani. Paka alikuwa amekonda, amejilamba tumbo hadi ngozi ikaonekana. Nyanya alimpakata akilia, na polepole kutetemeka kukaisha. Ndipo nikaingia na kikombe cha maji ya kumpa nyanya. Paka akasimamisha manyoya, akapuliza, akakimbilia chini ya kitanda. Nyanya alikitazama kitanda, kisha akanitazama mimi.

"Onja kwanza," alisema.

Kwetu, anayempa mgeni kinywaji hukionja mbele yake, ili mgeni ajue hakina sumu. Mjukuu hamwonjei nyanya yake. Nilionja, naye akanywa.

Ule ua haupo tena, lava iliupitia juu. Jirani, baba, wote wamekwenda. Nyanya aliishi miaka sita baada ya siku ile, na kila nilichompa kwa mkono wangu aliniambia nionje kwanza, hata uji wa asubuhi aliyofariki. Alikufa bila kuniamini.