Anayekupa, Aonje Kwanza

Nilipokuwa mtoto, hapa Gisenyi, hakuna aliyekupa kinywaji bila kukionja kwanza. Uji, chai, hata maji ya ndimu: mwenyeji alipiga funda mbele yako, ukaona koo lake likishuka, ndipo kikombe kikakufikia. Tuliiita adabu. Ilikuwa adabu kweli, lakini iliyozaliwa na hofu, kwamba atakayekulisha sumu ni mtu wako wa karibu. Wasomi wenzangu huzicheka habari hizi, kisha wakienda msibani wanabeba chupa zao za maji. Wanaamini, ila kwa Kifaransa.

Bibi yangu, mama yake baba, hakujificha nyuma ya lugha yoyote. Alikuwa muuza vitenge, mwanamke wa sauti na kiuno. Ghafla akaanza kukonda, akawa anakunywa maji kama shamba la kiangazi, na kila asubuhi tukawa tunakuta sisimizi wameizunguka ndoo yake ya mkojo. Jirani yetu, Mama Shabani, akaja kuwatazama.

"Sisimizi hazidanganyake," akasema. "Huyu walimulisha kitu."

Kituo cha afya walisema ni sukari. Walimpa vidonge vyeupe, vinene. Mama akavileta kwenye sahani, na glasi ya maji. Bibi akaitazama glasi, akaitazama sahani, mwisho akautazama mkono wa mama.

"Onja kwanza."

"Maji?"

"Maji na dawa."

"Mama, hii iko dawa ya mugonjwa. Mi siko mugonjwa."

"Bon. Mi sikatai dawa. Nakataa mukono yenye inanipa."

Mke wa mwana, katika nyumba ya mama mkwe, hana pa kwenda na maneno kama hayo. Mama akameza. Sasa, yeyote aliyeanza metformini, ndivyo vidonge vile, anajua kwamba husalimiana na tumbo kwanza. Mchana kutwa mama alikimbilia choo cha uani, na kila alipopita, Bibi alimtazama kutoka kwenye kigoda chake kwa huzuni ya mtu aliyethibitishiwa.

"Umeona? Si nilisemaka?"

Huo ndio uliokuwa mtego wetu. Asiyeonja ana siri. Anayeonja akaumwa tumbo, siri imefichuka. Baba, ambaye angeweza kusema neno, aligundua kwamba ana shughuli Goma kila siku; mpaka wa Kongo haukuwahi kumpendeza kiasi kile. Na kidonda kwenye kidole cha mguu wa Bibi kilikuwa hakifungi. Kilianza kunuka. Nesi alimwambia mama wazi: asipotumia dawa, mguu utakwenda, na yeye ataufuata.

Mama akarudi na vidonge vingine, vidogo, ambavyo aliambiwa havisumbui tumbo. Bibi akavikataa pia, kisha akanielekezea kidole.

"Rehema aonje. Mutoto hana roho mubaya."

"Hapana," mama akasema. "Mutoto, hapana."

"Unakataa nini, kama iko dawa?"

Mama Shabani alikuwa mlangoni na karai lake la maharage, macho yakimtoka. Nilikuwa darasa la tatu, lakini nilielewa hesabu ile kuliko nyingine zote: nikikataa, nimetoa ushahidi kwamba mama yangu ni mrozi, mlisha watu sumu. Nikakinyakua kidonge kabla mama hajanifikia, nikang'ata nusu, nikameza. Bibi akameza nusu iliyobaki. Mama akaninywesha uji, akanichunguza, akaniona nacheza, akapumua. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba dawa ile huishusha sukari ya damu hata kwa asiyeumwa, na huchukua muda wake.

Mama alipokwenda sokoni, nilibaki na Bibi tukichambua maharage. Mikono yangu ikaanza kutetemeka. Nguo ikalowa jasho, na maharage yakawa mbali, kama yako chini ya maji.

"Yewe! Rehema! Niangalie!"

Kwetu, anayezimia hupewa chai ya sukari. Hiyo ndiyo tiba tuliyoijua. Bibi akachota sukari, akachota tena, akakoroga. Nakumbuka kikombe kikija mdomoni kwangu, kisha kikirudi nyuma. Alikuwa ameonja kwanza. Yeye, aliyekatazwa sukari.

"Bismillah. Kunywa, mi nimeonja."

Nikazinduka. Mama akanikuta, akanibeba hadi hospitali, nikawekewa dripu hadi kesho yake. Daktari akauliza kwa ukali: "Nani amemupa mutoto dawa ya sukari?"

Mama akatazama sakafu. Hata pale hakuwa na mlango wa kutokea: mkwe hasemwi.

"Mi," akajibu Bibi, aliyekuwa amekuja nyuma yetu akichechemea.

Tuliporudi nyumbani akamwita mama. "Lete." Mama akaleta sahani, na kwa mazoea akainua kidonge akipeleke mdomoni. Bibi akamshika kiganja.

"Acha. Kama iko sumu, iniue mi peke."

Akatamka shahada, akameza.

Miaka mingi niliisimulia kama hadithi ya bibi kizee aliyeelimika. Si kweli, na nimechoka kuipamba. Bibi hakuelimika hata kidogo. Alikuwa amekiona kidonge kile kikimwangusha mjukuu wake. Sasa alikuwa na sababu kubwa kuliko zamani ya kuamini ni sumu. Na kila asubuhi alitamka shahada, akameza, ili pasiwe na mtoto wa kuonja. Kidole kilikatwa, mguu ukabaki. Aliishi hadi nikamaliza chuo, akimwambia Mama Shabani kwamba damu yake ni kali, imezishinda sumu zote.

Sukari imenifikia na mimi. Kidonge cheupe, kinene, kila siku, hadi mwisho wangu. Hakuna uchochoro wa kutorokea. Najua kilichomo, karatasi yake nimeisoma yote. Na bado kuna asubuhi nakiacha kwenye sahani, nikijitafutia kisingizio, maji yakipoa.

Bibi aliamini ni sumu. Akameza.